Ghorofa ya Ngapi?

Kuna sentensi ninayoisikia kila ndugu zangu wa Pemba walioko Dar es Salaam wanapokusanyana kumhamisha mtu: "Kwetu Shumba mtu hahamishwi kwa pesa." Husemwa kwa fahari, na mara nyingi msemaji ni yule ambaye siku hiyo hakubeba ila funguo za nyumba mpya. Nimeisikia Mbagala, nimeisikia Buguruni, nimeisoma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikiwa na picha ya mikono miwili inayoshikana. Nimechoka nayo. Naiona ni sentensi ya dhulma iliyovishwa kanzu.

Si kwamba ni uongo. Nimezaliwa Shumba, Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, na nimeona watu wakihama. Kwetu kuhama ni kutoka nyumba moja kwenda nyingine ambayo ukiita kwa sauti unaitikiwa. Vitu vinahesabika: kitanda, magodoro mawili matatu, sanduku la nguo, mikeka, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi, pengine cherehani. Kinachozidi uzito kinapakiwa kwenye gari la ng'ombe. Ngazi hakuna. Wanaume wanabeba, wanawake wanafunga na kufungua, mchana unapikwa wali, alasiri kila mtu anakwenda zake. Na aliyebeba leo anajua kuwa akioza mtoto, akiezeka paa, akifiwa, wale wale watafika mlangoni kwake bila ya kuitwa mara mbili. Deni lipo, linajulikana, na linalipika. Hilo ndilo linaloifanya iwe kusaidiana: kuna kurudi.

Mjini hakuna kurudi. Mtazame anayeitwa siku ya kuhama. Ni kijana aliyevuka bahari mwaka jana au mwaka juzi, anauza duka la ndugu Kariakoo, analala stoo nyuma ya magunia. Mali yake ni godoro moja na begi. Yeye hahami, akihama anapanda daladala. Kwa miaka minne au mitano atabeba makabati ya watu saba au wanane, na hakuna hata mmoja atakayembebea ndoo, kwa sababu hana ndoo ya kubebewa. Ukimwambia kijana huyo "tusaidiane," umemtajia neno ambalo upande wake mmoja umekatika. Na hawezi kukataa. Analala kwenye stoo ya nani? Nauli ya boti ilitolewa na nani? Aliye huru kusema hapana ndiye anayesaidia. Huyu analipa kodi kwa kiuno chake.

Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Jamaa yetu mwenye kazi nzuri ya ofisini alihama kutoka Mbagala kwenda Sinza, ghorofa ya tatu, nyumba ya ngazi nyembamba za zege. Waliitwa vijana watano. Mimi nilikuwa juu jikoni, napanga vyombo. Friji lilikuwa la milango miwili, na mtoto wa mama mdogo akashika upande wa chini kwa kuwa ndiye mwenye nguvu. Kwenye kona ya pili aliyeshika juu mikono ikateleza kwa jasho, friji lote likamkalia. Hakuliachia. Angeliachia lingeshuka naye, au lingevunjika, na friji lilikuwa jipya. Nilisikia kishindo, kisha nikasikia watu wakicheka, kwa sababu alipouliza kama friji limeumia sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Akapewa panado, akapewa pilau. Baada ya wiki tatu hawezi kunyanyua gunia la mchele dukani, na mwenye duka, naye ndugu, akamwambia kwa upole arudi nyumbani akapumzike. Yuko Shumba mpaka leo. Anakwenda pwani asubuhi, anakaa. Ngarawa hawezi kuisukuma.

Hakuna aliyelaumiwa, kwani ndugu hawalaumiani. Hakuna aliyelipa, kwani malipo hayakuwapo tangu mwanzo, na kisichotajiwa bei hakina fidia. Watu hawa wote tumesoma chuoni. Wote tunaijua ile hadithi ya Mtume kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na tunaitaja vizuri sana tunapozungumzia matajiri wa Ghuba wanaowachelewesha mishahara watoto wetu. Kwa kijana wa stoo tunasema huyu si mfanyakazi, huyu ni mwanetu.

Najua nitakayojibiwa: pesa inavunja udugu. Mimi naona udugu unaovunjwa na elfu ishirini ulikuwa umeshavunjika, ila ulikuwa haujashushwa kwenye gari.

Msidhani nawasema Wapemba peke yao. Wengi wenu mnaosoma hapa hamna ukoo wa kuita, au mnao ila hamtaki uone vitu vyenu. Nyinyi mnaajiri. Nimekuwapo mwenzangu wa darasa la uzamili alipohama Changanyikeni kwenda Kimara, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika daftari, hesabu ninayo. Kodi ya nyumba ilikuwa 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo: 1,500,000. Ikatoka. Dalali akataka kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi ya mji huu, kwa kazi ya kupanda bodaboda na kufungua milango miwili: 250,000. Ikatoka pia, kwa manung'uniko. Kirikuu 50,000. Halafu wakaja wabebaji watatu, wakatazama vitu, wakatazama ngazi, wakasema elfu sitini kwa wote.

Hapo ndipo mwenzangu alipokumbuka kuwa yeye ni mwanafunzi. Elfu sitini ya nini? Vitu vyenyewe viwili vitatu! Kwani mnabeba nyumba? Akataja ishirini. Wakashuka hamsini. Wakaondoka, wakaitwa, wakarudi. Wakamalizana thelathini na tano. Fanya hesabu: mwenye nyumba na dalali, ambao hawakunyanyua hata mto, wamekula 1,750,000, waliobeba kila kitu mgongoni wamepata asilimia mbili ya hiyo, na kwa sehemu ile tu ndipo palipokuwa na mjadala. Hatubishani na mwenye nguvu. Tunamlipa, kisha tunatafuta mtu wa kumrudishia machungu, na mtu huyo huwa amesimama hapo chini ameshika kamba.

Na jinsi ya kubishana ni moja siku zote: mwenye vitu anaficha. Kwenye simu anasema "vitu kidogo tu." Ghorofa haitaji. Hataji kuwa gari haliingii uchochoroni, kwamba kutoka lilipoegeshwa mpaka mlangoni ni hatua mia mbili za mchanga. Hataji mashine ya kufulia. Bei ikishafungwa, vitu vinaanza kuzaliana: na hili nalo, na lile la uani, mkimaliza mtusogezee na tangi. Mbebaji akiomba kuongezewa anaambiwa hana msimamo. Kwa Kiswahili chepesi huo ni utapeli, ingawa mtapeli ana shahada.

Tena tunawaita "vijana." Nimewaona vijana wa miaka hamsini. Neno hilo lina kazi yake: kijana hana ujuzi, ana nguvu tu, na nguvu ni ya Mungu, hailipiwi sana. Sasa simama pembeni siku moja uwatazame. Friji wanalisimamisha, hawalilazi, na ikibidi kulilaza wanakuambia usiliwashe mpaka likae saa kadhaa mafuta yarudi kwenye kompresa. Kitanda cha sita kwa sita wanakifungua na skrubu zake wanazitia kwenye soksi, soksi wanaifunga kwenye ubao wa kichwa isipotee. Vitu vizito vinatangulia kwenye gari, vinaegemea upande wa dereva. Godoro linasimamishwa ubavuni, kioo cha kabati kinapita katikati ya magodoro mawili, juu turubai. Kwenye ngazi mkubwa wao hukaa chini, ndipo uzito unapoangukia, na ndiye anayeita: kona, inua kwako, pumzika, egemeza. Anayebeba juu anarudi kinyumenyume bila kuangalia nyuma, anahesabu vidato kwa miguu. Mimi nimesoma miaka mingi na kazi hiyo siiwezi, wala wewe huiwezi. Ingekuwa na cheti tungeiita taaluma.

Kwa kweli ikivaa sare tunaiita hivyo. Siku hizi mjini kuna kampuni za kuhamisha watu, zina ukurasa wa Instagram, maboksi ya karatasi, plastiki ya kuzungushia makochi. Ukizipigia simu swali la kwanza ni ghorofa ya ngapi, la pili ni kama lifti ipo, la tatu gari linafika wapi. Mteja anajibu yote kwa adabu, anapelekewa bei mara tatu au nne ya ile aliyoipigia kelele barabarani, na analipa, nusu kabla ya kazi. Mimi sizisemi vibaya. Maswali yao ndiyo maswali ya haki. Ila siku moja nilimuuliza mmoja wa waliovaa fulana yenye nembo, mzee mmoja mpole, kama ameajiriwa. Akacheka. Fulana ni ya ofisi, akasema, jioni wanairudisha. Wao huchukuliwa pale pale kijiweni na hulipwa kwa siku. Mikono ni ile ile. Fulana ndiyo iliyolipwa.

Ninasoma historia, kwa hiyo mtanivumilia kidogo. Msafara wa karne ya kumi na tisa, uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ulikuwa na mambo mengi ya kutisha, na si kila aliyebeba alikuwa huru. Lakini mpagazi wa kuajiriwa, Mnyamwezi khasa, alikuwa na jambo ambalo mbebaji wa Sinza hana: alijua uzito wake. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama farasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo. Alijua posho yake. Aliujaribu mzigo kabla ya safari, na ukizidi aliutua chini na kudai upunguzwe, na misafara ya Wazungu ilikwama siku nzima kwa sababu wapagazi wamekaa chini hawatembei. Farasila! Wazee wa kwetu wanaitaja mpaka leo kwenye karafuu. Tunajua kuipima karafuu.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi mahala ambapo watu wakapaita Kariakoo. Soko kubwa la nchi hii, pale ambapo vijana wetu wanalala kwenye stoo, lina jina la watu wa kubeba. Takwimu za serikali ya Uingereza zilikubali vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 kwenye vita hivyo Afrika Mashariki. Wanahistoria wengi wanakwenda mpaka karibu na 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Nenda ukalitazame Sanamu la Askari lililosimamishwa mjini mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwa heshima, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyetengenezwa kwa shaba ni askari na bunduki yake. Kwenye mnara wa Nairobi mpagazi angalau alipewa nafasi ya kusimama.

Waliobeba hawakukaa kimya daima. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, wa bandari ya Zanzibar mwaka 1948, na migomo yote miwili ilitoka bandarini ikaenea. Walidai mishahara, na walipata kitu. Tofauti yao na wabebaji wa leo ni kwamba wao walikuwa mamia mahala pamoja na mwajiri wao alikuwa na jina. Mbebaji wa kijiweni ana mwajiri kwa saa tatu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo Bara, umetokana na sheria ya mwaka 2008, na unachangiwa na waajiri. Lakini mwajiri wa saa tatu hachangii popote, wala hajioni kuwa ni mwajiri. Anajiona ni mtu anayehama.

Uzito nao tunauzungumza tunapotaka. Lumbesa imepigwa marufuku, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na kelele zake zote ni za haki: mkulima anapunjwa. Mara ngapi umesikia mtu akitaja uti wa mgongo wa aliyelibeba? Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kilo mia ya gunia halali ni karibu mara mbili ya hapo.

Sisi wa Pemba tungetakiwa kuwa wa mwisho kufanya mzaha na mzigo usiohesabiwa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Sina haja ya kumsimulia Mpemba yaliyofuata.

Ninachotaka ni kidogo, na hakihitaji Bunge. Kabla ya bei kutajwa, vitu vyote vitajwe, na ghorofa, na gari linafika wapi. Bei iwe ya kila mtu, apewe mkononi, isipitie kwa dereva. Kinachoongezwa baada ya mapatano kilipiwe. Mwenye vitu aseme mbele ya wote kwamba akiumia mtu, hospitali ni juu yake, na aseme kabla friji halijanyanyuliwa. Na haya yawe kwa ndugu sawa na kwa mtu wa kijiweni. Ukimwita mtoto wa ami yako, mtajie bei. Akisema hataki pesa, mpe. Akiikataa tena, hapo kweli amekusaidia, na ukae ukijua kwamba unadaiwa.

Wapo watakaosema wabebaji wanaiba, wanavunja. Wapo wanaoiba, mwenzangu aliibiwa pasi. Dawa yake ni kuandika vitu kwenye karatasi na kuwajua watu kwa majina, mambo mawili ambayo yule anayebishania elfu tano huwa hana muda nayo. Na sijaona bado aliyeibiwa na dalali akasema basi madalali wapunguziwe.

Mwaka jana ukoo ulichanga kwa ajili ya matibabu ya yule mtoto wa mama mdogo, picha ya mgongo na dawa za Chake Chake. Kila mtu alituma elfu tano, elfu kumi, na dua nyingi. Nilizijumlisha. Zilipita mara tatu ya gharama ya kuwakodi wabebaji wanne wenye kamba zao na kumwacha yeye dukani. Jamaa wa ofisini alituma elfu ishirini, akashukuriwa kwa jina.

Juzi kwenye kundi lile lile umekuja ujumbe. Mjomba mmoja anahama Buguruni anakwenda Kinyerezi Jumamosi, anaomba vijana watatu, "chakula kipo." Chini yake watu wameshaanza kuandika mashaallah na kuwataja walioko Kariakoo. Nikaandika: "Shikamoo mjomba. Hongera kwa nyumba mpya. Ni ghorofa ya ngapi, na kila mmoja analipwa shilingi ngapi?" Alama zinaonyesha watu arobaini na mmoja wameusoma. Leo ni Alhamisi.